Riwaya Hizi Zisomwe kwa Tahadhari

Ndugu msomaji, umeazimwa riwaya ya Marekani kuhusu kijana transijenda na jamaa zake. Usikurupuke. Zingatia haya kwanza.

Moja: uliza anayesimulia ni nani. Katika baadhi ya riwaya za mwanzo, mwenye mkasa hapewi nafasi ya kuusimulia. Luna ya Julie Anne Peters (2004) inasimuliwa na dadake, Regan. Almost Perfect ya Brian Katcher (2009), na mvulana aliyempenda msichana transijenda. Basi jiandae kuwapa pole wasiofiwa. Dada amekosa usingizi, mpenzi amefedheheka, na utafika katikati ya kitabu hujamjulia hali mhusika mwenyewe.

Mbili: mchunguze baba. Akianza kumshinikiza mtoto acheze besiboli, jifunge kibwebwe. Na mama? Katika Luna, mama anashughulikia harusi za watu. Ya nyumbani kwake hayaoni, au ameamua kutoyaona.

Tatu: usiogope mizimu, ogopa ukoo. Katika Cemetery Boys ya Aiden Thomas (2020), jamaa za Yadriel huko Los Angeles huzungumza na wafu bila wasiwasi. Kinachowashinda ni kukubali kwamba Yadriel ni mvulana anayestahili tambiko la wanaume. Anajifanyia mwenyewe, kisha anamwita mzuka asiyetaka kuondoka. Cheka, ila usimcheke jirani.

Nne: angalia jina dukani. Kitabu cha watoto cha Alex Gino kilitoka 2015 kikiitwa George, jina ambalo msichana mhusika mkuu halitaki. Mwandishi akaomba radhi, na sasa kinaitwa Melissa. Shirika la maktaba la Marekani lilikiorodhesha kuwa kitabu kilicholalamikiwa kuliko vyote mwaka 2018, 2019 na 2020. Ukikikuta rafuni, jua kimepita kwenye mikono mingi iliyotaka kukitoa.

Tano, na hii ndiyo hatari kubwa: unaweza kukosa wa kumchukia. Katika If I Was Your Girl ya Meredith Russo (2016), Amanda anahamia kwa babake Tennessee baada ya kushambuliwa alikokuwa akiishi. Baba ni mkali, na utamkasirikia kwa raha zako mpaka utambue kwamba ukali wake ni hofu ya kumzika mtoto. Ukimaliza kitabu bado una uhakika nani wa kulaumiwa, kianze upya. Ulisoma jalada tu.