Sifa za Bahasha ya Septemba

Mnazi umeshasifiwa vya kutosha, na bahari, na kanzu nyeupe ya Ijumaa. Wapo viumbe wengine wa heshima ambao hakuna aliyewahi kupanda jukwaani kuwasemea neno jema. Mmoja wao huwasili Marekani kila mwaka kabla Septemba haijaisha, amevaa karatasi nyeupe, kifuani ana anwani ya mzee wa miaka sitini na mitano au zaidi. Huyo ni taarifa ya mabadiliko ya mwaka, ambayo kila kampuni binafsi inayouza mpango wa Medicare, bima ya afya ya wazee, inalazimika kumfikishia mwanachama wake ifikapo tarehe 30 Septemba, kumweleza nini kitakuwa kingine Januari. Wazee huitupa juu ya friji. Wajukuu hudhani ni tangazo la pizza. Mimi nimesimama kuisifu.

Anayesifiwa huanziwa na nasaba yake. Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare tarehe 30 Julai 1965 mjini Independence, Missouri, mbele ya mzee Harry Truman, ambaye ndiye aliyepewa kadi ya kwanza. Zilikuwa zama za giza. Mzee alikuwa na bima moja ya serikali, sehemu moja ikimlipia hospitali, sehemu nyingine ikimlipia madaktari, na hii ya pili aliichangia dola 3 kwa mwezi ilipoanza kazi mwaka 1966. Bima ilikuwa ileile Maine na ileile Arizona. Daktari akiikubali, mzee humwendea. Hakuna aliyempa mzee mtihani. Alizeeka, akaugua, akatibiwa, akafa bila kujifunza kitu.

Bunge likamwonea huruma. Mwaka 1997 lilizipanulia kampuni binafsi njia ya kuingia Medicare, na sheria ya 2003, aliyoitia saini George W. Bush, ikaipa njia hiyo jina la Medicare Advantage na kuongeza bima ya dawa iliyoanza 2006. Utaratibu wenyewe hauna siri. Serikali huilipa kampuni kiasi maalumu kwa kila mwanachama, kampuni nayo hubeba matibabu yake, na kila mwaka hupanga upya ada, orodha ya dawa, orodha ya madaktari na zawadi ndogondogo za kumpendezesha mteja. Kufikia mwaka 2025 zaidi ya nusu ya wanaostahili walikuwa humo, watu wapatao milioni 34, na karibu nusu yao walishikwa na kampuni mbili tu, UnitedHealthcare na Humana. Kwa hesabu za KFF, shirika linalofuatilia sera za afya, mzee wa kawaida mwaka 2025 aliweza kuchagua kati ya mipango 42 hapo hapo anapoishi. Arobaini na miwili! Mke alimchagua mmoja, dini alirithi, kazi aliipata kwa kujuana. Kumbe uhuru wa kuchagua ulikuwa unamsubiri uzeeni, macho yakishaanza ukungu.

Tuje kwenye fadhila zake, na ya kwanza ni elimu. Wataalamu hutuambia akili ya mzee isiposhughulishwa hulala. Bahasha hii haimlazi mtu. Inamwambia kwamba mpango wake ni wa dola sufuri kwa mwezi, na papo hapo inamtaka akumbuke kwamba ada ya Sehemu B, ile ya madaktari, bado anailipa serikalini: dola 185 kwa mwezi mwaka 2025, na dola 202.90 mwaka 2026. Kuna kiasi cha kuanza kulipa mwenyewe kabla bima haijashika. Kuna pesa ya kutoa kila anapomwona daktari wa kawaida, na nyingine akimwona bingwa, na nyingine kwa kila siku ya kitanda hospitalini. Juu kabisa kuna dari, kiwango ambacho mgonjwa akishakilipa ndani ya mwaka kampuni humalizia iliyobaki, na serikali iliruhusu dari hiyo ifike dola 9,350 mwaka 2025 kwa matibabu ya ndani ya mtandao wa madaktari wa mpango, kisha 9,250 mwaka 2026. Swali la mtihani: sufuri ni kiasi gani? Onyesha njia.

Nyongeza ya pensheni nayo imo kwenye mtaala huo. Kwa mwaka 2026 mstaafu wa kawaida aliongezewa kama dola 56 kwa mwezi ili asiachwe nyuma na bei za vitu, na mwezi huohuo Sehemu B ikapanda dola 17.90, ambazo kwa wengi hukatwa pensheni ikiwa bado haijawafikia. Nyongeza iliondoka Washington ikiwa na afya njema, ikafika kwa mzee imekonda. Kama hilo si somo la uchumi, sijui uchumi ni nini.

Fadhila ya pili ni kumfunza binadamu kwamba dunia haidumu. Masheikh na mapadri wamelihubiri hilo karne na karne, na watu wakatoka msikitini na kanisani wakaendelea kujenga ghorofa. Bahasha hulifikisha kwa mifano. Dawa ya presha iliyokuwa daraja la kwanza sasa iko daraja la tatu. Duka la dawa la pembeni si tena duka linalopendelewa. Miwani imebaki, meno yamepunguzwa, kadi ya kununulia plasta na dawa za mafua imepotea, lakini ukumbi wa mazoezi bado ni bure. Ni kama mwenye nyumba anayepandisha kodi kila Januari na kukuletea kalenda.

Somo hili wazee wetu wameshalionja. Wapo Waswahili walioitwa na watoto wao Houston, Columbus na Minneapolis kuja kulea wajukuu. Ambaye hana miaka kumi ya kazi na makato nchini humo, yake au ya mwenzi wake, huweza kuinunua Medicare baada ya kuishi miaka mitano mfululizo na kadi ya ukaazi wa kudumu. Mitano ya kungoja, halafu bahasha. Msomaji wake wa kwanza huwa mjukuu, maana Kiingereza cha bima hata Waingereza kingewashinda, na mazungumzo huenda hivi:

“Shikamoo Bibi. Wameandika mtandao wa madaktari umebadilika. Nimetazama orodha mpya, daktari wako hayumo.”

“Marahaba. Innalillahi! Kafa lini?”

“Hajafa, Bibi. Yuko palepale ghorofa ya pili. Kwenye bima ndiko hayumo.”

“Na mimi?”

“Wewe umo.”

“Kwa hiyo mgonjwa yumo, mganga hayumo. Haya baba, soma mbele.”

Niambie ni chuo gani cha falsafa kingemfikisha bibi yule hapo kwa nusu saa.

Wenye husuda huuliza mbona daktari anaweza kutoka kwenye mtandao hata Juni, wakati mwanachama kwa kawaida amefungwa hadi msimu wa kuandikisha, tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba, na nafasi moja zaidi ya kuhama kati ya Januari na Machi. Hawaelewi adabu. Katika kila ndoa lazima awepo mmoja anayesafiri na mmoja anayebaki kulinda nyumba.

Fadhila ya tatu ni kuwaondolea wazee upweke. Mtu aliyefiwa na mwenzi, watoto wakawa mbali, simu yake ikakaa kimya toka Pasaka, ghafla Oktoba mosi anakuwa mtu wa kutafutwa. Tarehe hiyo kampuni huruhusiwa kuanza kutangaza mipango ya mwaka unaofuata. Kwenye televisheni hujitokeza Joe Namath, nyota wa zamani wa timu ya New York Jets, ambaye kwa miaka kadhaa amewahimiza wazee wenzake wapige simu waone faida wanazozikosa. Serikali ilikaza kamba mwaka 2023, ikakataza matangazo yasiyotaja jina la mpango na yale yanayotumia nembo ya Medicare kupotosha watu. Ilikuwa roho mbaya tu. Mzee akitajiwa jina lake na sauti laini ya kijana wa kituo cha simu, akaulizwa hali ya magoti, kuna ubaya gani hata kama kijana analipwa kwa kila goti analoandikisha?

Hapa niwaombe tusimame kidogo kwa ajili ya marehemu. Bima ya dawa ilizaliwa 2006 ikiwa na shimo. Mwaka ule wa kwanza, dawa zikishafika jumla ya dola 2,250, bima ya kawaida ilijitoa, mgonjwa akalipa kila kitu peke yake, na bima ikarudi tena gharama zilipopita dola 5,100. Yaani ilimsindikiza mgonjwa mpaka mtoni, ikamwacha avuke, ikampokea ng’ambo kwa makofi. Sheria ya 2010 ilianza kulifukia shimo hilo kidogo kidogo, na ile ya 2022 ikalizika rasmi: tangu Januari 2025 mwenye bima ya dawa halipi zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa dawa zilizomo kwenye orodha, kiwango kilichosogea hadi 2,100 mwaka 2026. Utaona jinsi mabadiliko yanavyoweza kuharibu mambo. Lilikuwa shimo zuri, na kulielewa kulitaka elimu ya juu.

Fadhila ya nne ni uaminifu. Kuingia Medicare Advantage ni kwepesi, huulizwi hata kama una kikohozi. Anayetaka kurudi Medicare ya zamani ruhusa anayo, ila bima ya nyongeza inayoziba mapengo yake, kipindi cha mwanzo kikishapita, katika majimbo mengi inaweza kumuuliza maradhi yake, kumpandishia bei, au kumkataa. Aliyeingia akiwa mzima kwa sababu ya ukumbi wa mazoezi hubaki akiwa mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa. Kuna upendo ulioshikilia zaidi ya huo?

Lakini fadhila inayozipita zote ni upole wake. Barua nyingine za serikali na benki hudai jibu. Hii haidai. Usipoifungua, usipoisoma, usipopiga simu, mpango wako ukiwa bado upo utaendelea nao tarehe 1 Januari kwa masharti mapya, kana kwamba umeyasoma, ukayapima na mengine 41, ukayapenda. Wachunguzi wa KFF wamekuta kwamba karibu wazee saba kati ya kumi hawalinganishi mipango yao msimu ukifika. Watu wa bezo huita hilo uvivu. Kampuni haina maneno hayo makali; huliita ridhaa. Mwaka ukienda vibaya hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mzee mwenyewe, kwani aliandikiwa, tena kwa wakati. Zamani ikiwa matibabu yana kasoro, kosa lilikuwa la serikali, na serikali huweza kupigiwa kura. Sasa kosa liko juu ya friji.

Wapo wanaotaka kuuharibu usanii huu. Kila jimbo lina washauri wa programu ya SHIP wanaokaa na mzee bure, wakafungua bahasha, wakaandika dawa zake moja moja, wakampigia hesabu ya mwaka mzima, na hawauzi chochote. Nawasihi wasomaji wenye wazazi huko wawaogope watu hao. Mama akipelekwa kwao Oktoba, anaweza kurudi akiwa na daktari wake.

Nami nahitimisha kwa dua, maana sifa bila dua haijakamilika. Bahasha hii iishi. Walioitunga, wanaoipigia hesabu na wanaoipitisha bungeni wajaliwe umri mrefu, wavuke sitini na mitano, wavuke themanini. Iwafikie kila mwaka, yenye mipango 42 na maandishi madogo. Iwakute hawana miwani, mjukuu amesafiri, na jioni ile iwe tarehe 7 Desemba.