Bolti Tatu na Kuku wa Misuna

Singida tumejaaliwa mafuta. Msimu wa alizeti ukifika, barabara kuu ya kwenda Mwanza inapambwa kwa madumu na chupa za mafuta ya kula, yanamsubiri abiria mwenye chenji. Ila mafuta yanayotugombanisha vijiweni ni yale mengine, oili ya pikipiki, ambayo kwa injini ya cc 150 haizidi sana lita moja.

Kumwaga oili hakuna asiyejua. Legeza bolti ya chini, tega karai, piga soga. Kufungua mfuniko wa filta nako hakuna kesi: bolti tatu ndogo, spana namba 8, kazi imekwisha. Kasheshe ni kuurudisha. Filta ina upande wake. Ukiigeuza, oili haipiti na injini itanoki kabla hujafika Ikungi. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, ikijikunja, unavuja njia nzima. Na bodi ya injini ni aluminiamu, laini, haitaki hasira: ukizidisha nguvu, nyuzi zinatoka na bolti.

Pale Misuna, fundi wangu alitandika gunia akapanga kila kitu kwa heshima zote. Ndipo upepo wa Singida, usiojua mgeni wala mwenyeji, ukabeba boksi la filta mpya. Fundi akalikimbiza. Kugeuka, kuku wa mama lishe kasimama juu ya gunia, na ile oringi ndogo ya tundu la oili inaning'inia mdomoni. Tukapiga kelele. Kuku akafanya ambacho mtuhumiwa yeyote angefanya: akameza ushahidi.

Kijiwe kizima cha bodaboda kikahamia kwetu. Wa kwanza akasema tupake silikoni. Fundi akakataa: inamenyeka ikiwa ndani, vipande vinaziba njia ya oili. Wa pili akatoa kisu, yuko tayari kutuchongea oringi kwa tyubu ya baiskeli. Fundi akamwambia mpira ule ukikutana na oili ya moto unavimba, halafu unaharibika. Wa tatu hakuhangaika na injini. Alikipokea kisu, akamtazama kuku.

"Nani achinjwe?" mama lishe akatoka na mwiko. "Huyu ni wa kienyeji, bei yake elfu ishirini na tano. Leteni hela, oringi mtaikuta kwenye firigisi."

Nikauliza oringi mpya dukani shilingi ngapi. Mia tano. Hapo hata yule wa tatu, ambaye hesabu si fani yake, akarudisha kisu cha watu.

Oringi ilipofika, fundi akaipaka oili kidogo, akaikalisha, akaegemeza mfuniko na kuzungusha bolti kwa vidole mpaka zikagota zenyewe. Kisha akashika spana, moja kidogo, nyingine kidogo, kwa zamu, asiupe mfuniko nafasi ya kukaa upande. Umati ukamshangilia kana kwamba anapiga penalti: "Kaza! Kaza tena!" Fundi akaweka spana chini.

"Nikikaza kwa makelele yenu, nyuzi mtanichongea nyinyi?"

Kimya. Watu waliokuwa mafundi wote wakawa abiria.

Oili mpya ikamiminwa, pikipiki ikawashwa, kipande cha boksi kikatandikwa chini. Tukakodoa macho kusubiri tone. Boksi likabaki kavu, na kila mmoja akaanza kuelezea jinsi ushauri wake ulivyosaidia.

Nikalipa, nikamtazama mama lishe kwa macho ya huruma kwa yaliyompata kuku wake. Nikamuuliza kama bado anamuuza.

"Namuuza, baba, ila sasa ni elfu thelathini."

"Amepanda bei?"

"Si ameshafanyiwa sevisi? Oringi mpya, na havuji."