Kitanda Kwanza, Makochi Baadaye

Ukihamia nyumba mpya utapata washauri wengi. Shemeji atakwambia uanze na televisheni, rafiki atakutajia makochi ya kona, jirani atauliza rangi ya pazia. Wasikilize kwa adabu, kisha nenda kanunue kitanda. Mgeni hukaa sebuleni saa moja, akanywa soda, akaaga. Mgongo wako uko chumbani usiku kucha, mwaka mzima, na hela ya kwanza ni haki yake. Fuata hatua hizi.

1. Pima chumba. Vyumba vingi vya kupanga Dar es Salaam ni futi 10 kwa 10. Ile sita kwa sita unayoitamani ni kipimo cha godoro tu. Ongeza mbao za pembeni na mchago, inakaribia futi 7. Zinabaki 3, na mlango unaofungukia ndani unazitaka hizo hizo. Utavalia suruali juu ya kitanda! Chora umbo lake sakafuni kwa chaki, fungua mlango, pita. Ukikwama, chukua tano kwa sita. Inawatosha wawili wanaopendana.

2. Ujue mti. Ukifika kwa maseremala wa Keko, Dar es Salaam, utaitwa bosi kabla hujashuka kwenye bajaji. "Bosi, hiki mninga mtupu!" Usijibu. Piga magoti, uchungulie uvunguni, mahali ambapo brashi ya vanishi haikufika. Msonobari uliopakwa rangi ya mninga utauona mweupe huko chini. Ukikuta vitundu vinavyomwaga unga laini, bungua wameshahamia kabla yako; ondoka. Msonobari wenyewe hauna ubaya ukikaushwa vizuri na kutiwa dawa. Ubaya ni kuulipia bei ya mninga.

3. Kagua chaga. Kwa kuwa godoro litazifunika, ndipo wengi wanapopunjwa. Pengo kati ya chaga na chaga lisizidi inchi 3, la sivyo godoro litabonyea humo na mbavu zako zitalifuata. Kitanda cha watu wawili kidai pia boriti ya katikati yenye mguu wake.

4. Kilalie. Vua viatu, panda, geuka kushoto, geuka kulia, kisha kaa ukingoni kama unayevaa soksi. Wapita njia wacheke, hawatalala hapo. Kikilia dukani, nyumbani kitapiga kelele, na kwenye nyumba za kupanga dari ni moja: jirani hana haja ya kujua ratiba yako. Wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kama ni cha mtumba, wasake kweli: washa tochi ya simu, mulika maungio na pembe, tafuta vidoa vyeusi.

5. Fikiria kuhama na mbu. Mpangaji huhama, kwa hiyo taka bolti badala ya misumari, upate kukifungua kwa spana na kukipitisha kwenye korido. Mwambie fundi aweke kabisa nguzo za chandarua. Mbu wa malaria huuma usiku, na chandarua kidogo kinachokugusa mwili humruhusu akuume kikiwa kimefungwa. Nunua kipana, kinachochomekwa chini ya godoro pande zote.

6. Lipa kwa mpango. Toa nusu, na risiti iandikwe vipimo, aina ya mbao na siku ya kukabidhiwa. Nusu ya pili itoke kitanda kikiwa kimefungwa chumbani kwako na umeshakilalia. Kikiwa imara, usianze tena kuomba punguzo. Seremala aliyekausha mbao zake na kupima mara mbili kabla ya kukata anastahili kila shilingi mliyokubaliana, na wenzako wanaohamia wapelekee namba yake.