Kuaga Kaskazi kwa Heshima Zote

Desemba kila mtu ni bingwa wa pwani. Mabasi ya usiku yanajaa, treni ya Nairobi inajaa, na ufuo wa Watamu hauna hata pa kutandika leso. Ikifika Machi, mabingwa hao huwaoni. Wamerudi kazini kungoja Pasaka, na kaskazi inawapa wachache waliobaki vitu vyake bora: upepo uliolegea, bahari iliyotulia, na maji yaliyopashwa na jua miezi mitatu mfululizo, ambayo karibu yamefikia kilele cha joto lake la mwaka. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuja wakati huo, wiki chache kabla ya masika na pepo za kusi. Una amri nyingi. Zifuate zote.

Kabla ya kukata tiketi, tazama mwezi. Mwambie msimamizi wako kazini kwamba likizo yako imepangwa na mwezi, na umwambie ukimtazama usoni, maana ni kweli. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja au mbili baadaye, maji huwa bamvua: hujaa sana na kutoka sana. Karibu na Machi 20, usiku na mchana vinapolingana, bamvua huwa kubwa zaidi. Katika mwambao huu, siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, saa ya mtu aliyekwisha kunywa chai na kuvaa viatu. Ukija wiki ya maji mafu utaiona bahari, lakini sakafu yake itakuwa imefunikwa, na safari ya kutoka bara kuja kutazama kifuniko ni ghali.

Ukifika, usikimbilie ufuoni. Shuka Gede, kisha uingie msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ingia saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na mwongozaji wa hapo, maana hao wanajua kila bundi analala tawi gani. Mwendo unaotakiwa ni huu: jongoo akitaka kukupita, mpishe. Aliyekuja kuhesabu hatua kwa simu akazihesabu kule barabarani. Mwisho wa kaskazi majani makavu yametanda chini, na kila unapokanyaga msitu mzima unapata habari.

Kwa hiyo simama. Chagua mahali penye vichaka vilivyoshonana, ufunge mdomo, na usubiri mchakacho. Anayechakacha huenda akawa sange wa Sokoke, mnyama wa nusu kilo hivi, mwenye miguu myembamba na pua ndefu anayoichomeka chini ya majani kutafuta wadudu. Anakwenda hatua mbili tatu, anasita, pua inacheza, anafukua kidogo, anatafuna. Halafu anageuka, na unaona makalio ya manjano yanayong'aa kana kwamba alikalia rangi mbichi. Akikushtukia atachapa mkia kwenye majani na kutoweka kwa miruko. Sehemu kubwa ya sange wa aina hii walio duniani wamo katika msitu huu mmoja, kwa hiyo usimkimbize na simu. Picha zake nzuri zimeshapigwa na watu wenye subira kukushinda. Wewe mtazame.

Kisha omba upelekwe kwenye udongo mwekundu, anakolala mchana bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi sentimita 18. Wanasayansi walimfahamu mwaka 1965 tu, na nje ya hapa anajulikana katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Utaonyeshwa tawi, utaitikia kwa adabu kwamba umemwona, na utakuwa hujamwona. Kubali kuonyeshwa mara ya pili na ya tatu, hadi lile ulilodhani ni jani kavu lifumbue jicho.

Njiani kurudi pitia mradi wa Kipepeo pale Gede. Tangu 1993 wakulima wanaopakana na msitu wamekuwa wakifuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wangali ndani ya maganda yao. Msitu unaowaletea majirani zake fedha una watetezi, na naona hilo ndilo tumaini lake kubwa. Magofu ya Gede yako papo hapo: mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kaa kivulini mwa miti iliyoota katikati ya kuta za matumbawe, na ficha ndizi zako, kwa sababu tumbili wa pale hawaulizi.

Adhuhuri ni marufuku kufanya lolote. Katikati ya Machi jua hupita utosini kabisa katika latitudo hii, kivuli chako kinajikusanya chini ya nyayo, na mwenye akili hulala. Kwanza kula embe, kwa kuwa msimu nao unakwisha. Ukikuta ngowe zilizoiva vizuri, nunua nyingi kuliko unavyohitaji na uzile umeinama, shati likiwa mbali.

Jioni moja iwe ya hori la Mida. Kuna njia ya mbao inayoning'inia kwa kamba katikati ya mikoko, na ada yake husaidia kusomesha watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu, basi lipa bila kuomba punguzo. Ukipita penye mchu, lamba jani lake. Nasema lilambe: mti huu hutoa chumvi ya bahari kupitia majani, na siku kavu utaziona chembe zake kwa macho. Fika maji yakiwa yanapanda, yanapowasogeza vitwitwi karibu. Wale wadogo waliokuwa wa kijivu tangu walipofika wameanza kuingia wekundu wa matofali, vazi la kwenda nalo Siberia kutaga. Wengine, weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, watakwenda Oman na Ghuba, wakataga katika mashimo wanayochimba mchangani. Majahazi ya huko nayo yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Nikiwatazama ndege hawa wakila kwa pupa kabla ya safari, huona pwani hii ilivyo nyumba ya watu wengi.

Bamvua sasa, kwenye ufuo wa Watamu. Vaa sandak, usiende pekupeku, kwa kuwa mwamba unakata na viumbe wenye miiba mirefu myeusi wamejaa mashimoni. Fuata maji yanapotoka. Chagua dimbwi moja, dogo kama karai, na uchuchumae hapo mpaka magoti yalalamike. Dakika za mwanzo utaona maji matupu. Baadaye kiti cha pweza kinasogea, jongoo bahari anameza mchanga, na jiwe lililokuwa jiwe linabadilika rangi na kutoka na mikono minane. Usimwinue yeyote, usikanyage matumbawe hai, wala usichukue kombe hata moja. Hapa Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968. Maji yakianza kurudi, rudi nayo, wala usibishane nayo. Wanaobishana huogelea na nguo.

Na ikitokea mvua ya kwanza imekukuta hapo, usifunge mizigo. Ongeza siku moja. Rudi Arabuko-Sokoke jioni, kwenye madimbwi yaliyoanza kujaa, na tochi. Vyura waliokuwa wamejificha kiangazi chote watakuwa wanaitana kwa sauti usizoweza kuzihesabu, na wengine wataanza kuning'iniza mapovu meupe matawini juu ya maji, ambamo huweka mayai yao. Chukua mwavuli, na muulize mwongozaji mapema ni njia ipi bado inapitika.