Kamusi Elezo Isiyohitaji Bando

Kamusi elezo ya mtandaoni, yaani hazina ya makala za maarifa ambazo wasomaji wenyewe huziandika na kuzihariri kama ilivyo Wikipedia tangu Januari 2001, huweza kusomwa hata pasipo na intaneti, mradi makala zake ziwe zimepakuliwa mapema. Kwa ajili hiyo ipo Kiwix, programu huria iliyoanza mwaka 2007, ambayo huzihifadhi katika muundo uitwao ZIM, wenye uwezo wa kubana mamilioni ya kurasa ndani ya faili moja. Kwa nadharia, abiria wa basi la Songea aliyeishiwa bando hana sababu ya kukosa elimu. Nadharia hiyo haijakutana na kisomeo.

Kisomeo cha vitabu pepe ni kifaa bapa chenye kioo cha wino wa kielektroniki, ambamo chembe nyeusi na nyeupe husogezwa kwa umeme kisha hubaki mahali pake bila kula chaji, na ndiyo sababu betri yake hudumu kwa wiki kadhaa. Sifa hiyo huwafaa sana wasomaji wa riwaya, kwa kuwa riwaya haina bendera. Kamusi elezo inazo, na kwa kuwa vioo vingi vya aina hii havionyeshi rangi ila kijivu, bendera za Ufaransa, Italia, Ireland na Nigeria hufanana humo kama watoto wa tumbo moja, huku maelezo ya ramani yakimtaka msomaji alitazame eneo la kijani na asilichanganye na lile jekundu.

Si kila kisomeo kinachoikubali Kiwix. Vingine humlazimu mwenyewe azigeuze makala kuwa EPUB, muundo wa vitabu pepe unaoyapanga maneno upya kulingana na upana wa kioo. Maneno hupangika vizuri, lakini majedwali hayakuumbwa kwa utii huo. Jedwali la mabingwa wa Kombe la Dunia likibanwa katika kioo cha inchi 6, Uruguay, bingwa wa mwaka 1930, husomeka kutoka juu kwenda chini, herufi moja kila mstari, na kabla msomaji hajafika kwenye y amekwisha kusahau alikuwa akitafuta nini. Viungo navyo, yaani maneno ambayo yakiguswa humpeleka msomaji kwenye makala nyingine, hukaa palepale kidole gumba kinapopita kufungua ukurasa, hivyo anayesoma kuhusu karafuu hujikuta akiombwa awashe Wi-Fi ili aende visiwa vya Maluku. Kifaa kiitwacho WikiReader, kilichotoka mwaka 2009 kikitumia betri mbili ndogo, kilikwepa mengi ya balaa hizi kwa kutoonyesha picha hata moja, uamuzi ambao wengi waliucheka kabla ya kuzijua bendera za kijivu.

Mkasa mwingine humpata mwenye tamaa. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake huzidi gigabaiti 100, na mtu anaweza kukesha akiipakua kwa bando la usiku, alfajiri ainakili kwenye memori kadi, kisha aambiwe kwamba haiwezekani ingawa kadi ni tupu. Kosa huwa ni la FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili ambao haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Kadi inabaki tupu, na bando limekwisha.

Hata hivyo, hatari kubwa ipo barazani. Faili lililopakuliwa halijui yaliyotokea baadaye, kwa hiyo la mwaka 2017 hushikilia kwamba mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura, ilhali tangu mwanzoni mwa mwaka 2019 makao makuu ya kisiasa ni Gitega. Muuza kahawa aliyeisikia habari hiyo redioni huambiwa kwa upole, “Mzee wangu, hapa imeandikwa,” na kisomeo huzungushwa kwa wote waone. Mzee huendelea kumimina kahawa, na mshindi wa mjadala hutembea na ujinga wake hadi chaji iishe.

Mafaili ya ZIM kwa kawaida huandikwa mwaka na mwezi mwishoni mwa majina yake. Anayekusudia kubishana na autazame kwanza mwaka huo, na ukiwa ni 2017, abishane kuhusu mafarao.