Bluu ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipiga simu Alhamisi jioni kutoka Geita: Jumamosi anakuja kutusalimia. Mke wangu akapiga vigelegele. Mimi nikageuka kukitazama chumba cha wageni. Tunakiita hivyo kwa heshima tu. Kina futi nane kwa tisa, na kwa miaka mitatu wageni wake walikuwa magunia mawili ya mpunga, baiskeli isiyo na mnyororo, na panya ambao hawakuwahi kuaga.

Mfukoni nilikuwa na shilingi 50,000. Fundi rangi wa hapa mtaani kwetu Ngokolo alinitajia ujira wake, nikamshukuru na kuondoka kama mtu aliyekumbuka maharage jikoni. Rangi ya maji nayo ilinishinda bei, basi nikanunua chokaa na paketi ya oksaidi ya bluu. Muuza duka akanisisitizia nitie chumvi ili chokaa ishike ukutani. Nikaitikia. Nyumbani chumvi iliyobaki ilikuwa ya mboga, na mboga ilikuwa ya mama mkwe. Nikaona ukuta hauli. Nilikusudia rangi ya anga la asubuhi. Nikapata rangi ya ndoo.

Mtumbani nikaokota pazia zito kwa 6,000. Lilishonewa dirisha la nchi ambako, nadhani, madirisha huanzia darini na kuishia sakafuni. Langu lina futi mbili. Sikulikata. Nililiacha liburuze, likaziba na tundu la panya, nikajiona mtaalamu.

Kitanda tunacho, nne kwa sita, ila chaga zake mbili zilishageuka kuni wakati wa masika. Pengo nikaliziba kwa mbao za kasha la nyanya. Godoro tuliazima kwa jirani, na jirani ni mkarimu kupita kiasi: tano kwa sita. Futi moja ikaning'inia nje ya kitanda kama ulimi wa ng'ombe mwenye kiu.

Muda niliupigia hesabu vizuri. Angepitia Mwanza, na tangu nioe katika ukoo huu, kila aliyetoka Geita kwenda Mwanza alikuwa akifika na hadithi ya kivuko cha Busisi: foleni, jua, samaki wa kukaanga, foleni tena. Nikampangia saa kumi na mbili jioni. Nilichosahau ni Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 19, 2025. Siku ile nilishangilia mbele ya televisheni kama mtu mwenye hisa. Sasa saa nane mchana bodaboda ikapiga honi mlangoni, nami nina bluu hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unaumwa?"

Mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama mkwe. Kwa hiyo kila kosa nililoliacha mle ndani saa nane lilibaki mle, nami nje. Saa nne usiku tukasikia kacha! Kimya kidogo, kisha, "Yesu wangu!" Nilifika mlangoni mbio, nikasimama nimeupa mlango mgongo, nikawa natoa maelekezo kama kocha aliyefukuzwa uwanjani.

"Mwambie asogee ukutani!" nikamwambia mke wangu. "Upande huo chaga ni nzima!"

Akasogea. Asubuhi pia akakaa upande huohuo, akaegemea ukuta akifunga viatu vya kanisani.

Alitoka amevaa gauni jeupe pe. Kwa mbele. Mgongo mzima, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ulikuwa bluu ya ndoo. Mke wangu na watoto walikwishatangulia ibadani. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mkwe akimwambia mama mkwe habari za mgongo wake, si ataulizwa alikuwa anautazamia nini?

Nikaamua kutembea nyuma yake, karibu kuliko adabu inavyoruhusu, ili nimkinge na macho ya watu. Yeye akadhani tumechelewa na kwamba namharakisha kwa heshima. Akaongeza mwendo. Nami nikaongeza. Tulipokaribia kanisa alikuwa ameniacha hatua kumi, na akina mama waliosimama mlangoni walikwisha kuanza kupisha njia.