Raba Nyeupe, Udongo Mwekundu

Ukiona mtu anashuka Makambako mwezi Januari na raba nyeupe, jua ni mgeni. Mvua za huku huanza Novemba na kumalizika Aprili au baadaye, na udongo ni mwekundu kwa sababu una kutu ya chuma. Ukikauka ni vumbi, ukilowa unanata, na ukiufua unahama tu kutoka soksi kwenda shati.

Kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyealikwa harusini Njombe hakuambiwa mapema. Kutoka Makambako, njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, zipo kilomita kama 60 za lami, na alizimaliza bila doa. Shida ilikuwa kichochoro cha mwisho. "Hapa pikipiki haipiti, braza," bodaboda akasema, akageuza. Mguu wa kulia ukazama. Alipouvuta, ulitoka wenyewe, raba ilibaki.

"Shikamoo mama," akamwamkia mwenyeji wake mlangoni.

"Marahaba mwanangu, karibu. Ndala hizo hapo, tambara lile."

Mama wala hakushtuka. Ila kijana alipochungulia ndani aliona sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta hadi inarudisha sura ya mtu. Wekundu ndani ruksa, wekundu wa nje marufuku! Mwanaanthropolojia Mary Douglas, aliyefanya utafiti kwa Walele wa Kongo, aliandika mwaka 1966 kwamba uchafu ni kitu kilichokaa mahali pasipo pake. Mama huyu alikuwa na ufagio tu, na hoja ilikuwa ileile.

Jioni wingu likatanda, wazee wakasema hali ya hewa imechafuka. Kijana naye alikaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi, tena ule mkali uitwao mkangafu, akaubugia kama juisi. Usiku tumbo nalo likachafuka, na safari ya chooni ikampitisha kwenye tope lilelile. Safari hii hata ndala zilibaki huko.

Kilichomkera zaidi ni kwamba tope lililomvua viatu ndilo linalolisha wenyeji wake. Chai, mahindi, parachichi na viazi mviringo vya Njombe vyote vinatoka humo, na mkulima anayerudi amepakaa hadi magotini hatazamwi kwa jicho baya. Aoge tu kabla ya kukaa kwenye kochi.

Waliomuaga walimpa kiroba cha viazi, vikiwa na udongo wake. Akataka kuviosha palepale. "Viache," mama akamkataza, "ukiviosha vitaoza njiani." Ni kweli: kiazi chenye majimaji huoza upesi, ndiyo maana wafanyabiashara husafirisha viazi bila kuviosha. Sokoni Dar mteja hupimiwa kilo yake, udongo ukiwa ndani ya hesabu. Anaondoka na kipande cha Njombe ambacho hakina hata hati.